Kikomo cha Saa za Ziada Japani na Haki ya Kupumzika

Mageuzi ya sheria za kazi yaliyopitishwa na Bunge la Japani Juni 2018 yanastahili sifa kwa jambo moja kubwa: kwa mara ya kwanza tangu Sheria ya Viwango vya Kazi ya 1947, saa za ziada ziliwekewa kikomo chenye adhabu. Awali, mwajiri aliyefikia makubaliano na wawakilishi wa wafanyakazi kwa mujibu wa kifungu cha 36, na kuyaongezea kipengele maalumu, aliweza kurefusha kazi atakavyo. Mwongozo wa serikali ulitaja saa 45 kwa mwezi, ila haukuwa na meno. Leo saa 45 kwa mwezi na 360 kwa mwaka ni sheria, na anayeikiuka anaweza kufungwa hadi miezi 6 au kutozwa faini isiyozidi yeni 300,000. Hata hivyo, mageuzi haya yamekosea kipimo. Yanahesabu mwezi na mwaka, ilhali mwili wa binadamu huchoka, na hupaswa kupona, kila siku.

Tuanze na kipindi cha kazi nyingi. Hapo sheria inaruhusu hadi saa 720 kwa mwaka, mradi mwezi mmoja usifike saa 100 na wastani wa miezi 2 hadi 6 usizidi 80. Tarakimu hizo za 100 na 80 ndizo zinazotumiwa na wizara ya kazi tangu 2001 kuamua kama kiharusi au ugonjwa wa moyo wa mfanyakazi umetokana na kazi. Dola imechora mpaka wa halali pale pale inapokiri kwamba mauti huanzia. Lakini hata kikomo cha kawaida hakimlindi mtu. Mfanyakazi anayeingia saa 3 asubuhi na kutoka saa 6 usiku badala ya saa 12 jioni ana saa 6 za ziada; akifanya hivyo siku 7, amefikisha 42 tu, na makubaliano yakiruhusu, hakuna sheria iliyovunjwa. Kati ya zamu na zamu amebakiwa na saa 9. Ukitoa saa 2 za treni, zinasalia 7 za kula, kuoga na kulala. Mwaka 2021 wizara hiyo hiyo iliongeza katika vigezo vyake vya magonjwa ya kazini mapumziko yanayopungua saa 11 kati ya zamu. Waajiri, kwa upande wao, tangu Aprili 2019 wanatakiwa kujitahidi tu kutoa mapumziko kati ya zamu.

Wapo wanaosema kwamba uhaba wa wafanyakazi hauruhusu masharti zaidi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa: madereva wa malori walisubiri hadi Aprili 2024 kuwekewa kikomo, nacho ni saa 960 kwa mwaka. Lakini madereva hao hao sasa wana kanuni inayolenga mapumziko ya saa 11, yasiyopungua 9 isipokuwa katika baadhi ya safari ndefu. Kinachowezekana barabarani hakiwezi kushindikana ofisini. Wengine wanahofia kipato, kwa kuwa malipo ya ziada ni sehemu ya riziki ya familia nyingi. Hofu hiyo ni ya haki dhidi ya kupunguza saa za mwezi. Mapumziko ya lazima huzisambaza tu. Tena ni rahisi kukagua, kwani mkaguzi anahitaji nyakati mbili: wakati aliotoka mtu jana na wakati alioingia leo. Bunge la Japani liugeuze wito wa kujitahidi kuwa wajibu wa saa 11, wenye adhabu ile ile ya kikomo cha saa za ziada.