Pawabanki za Bei Nafuu Zenye Seli Zilizotumika: Hatari Zake na Namna ya Kuzitambua

SINGIDA – Pawabanki, yaani chaja ya kubebeka yenye betri ndani yake, imekuwa kifaa cha lazima kwa wananchi wengi wa Mkoa wa Singida. Mkulima wa alizeti anayeshinda shambani Iramba au Mkalama, dereva wa bodaboda wa Ikungi na abiria wa basi anayepita Manyoni huitegemea ili simu isizime, kwa kuwa simu hiyo ndiyo pochi ya fedha na ndiyo njia ya kuita msaada. Hata hivyo, si kila pawabanki inafaa kuachwa ikichaji chumbani usiku. Zenye hatari kubwa zaidi ni zile zilizoundwa kwa seli za lithiamu zilizochomolewa katika vifaa chakavu, pamoja na maganda matupu ambayo mnunuzi huyajaza seli mwenyewe.

Kilichomo ndani

Seli ya mviringo inayotumika sana huitwa 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa umbo hufanana na betri ya tochi, lakini nguvu yake ni volti 3.7, na ikijaa hufikia volti 4.2. Ndani yake, ncha chanya na hasi hutenganishwa na utando wa plastiki ulio mwembamba kuliko unywele, uliolowa kimiminika kinachoweza kuwaka.

Seli mpya inayolindwa na saketi ya kukata umeme inapojaa, inapoisha au inapopata shoti hufanya kazi salama kwa miaka kadhaa. Seli za kompyuta mpakato kuukuu huwa zimechakaa kwa viwango tofauti, na huweza kuvishwa karatasi mpya zikaonekana kama zimetoka kiwandani. Zinapounganishwa pamoja, iliyojaa humimina umeme kwa kasi katika ile tupu. Iliyokaa muda mrefu bila chaji huweza kupata shoti ya ndani inapochajiwa tena. Aidha, katika maganda ya kujaza seli, moja ikiwekwa kinyume na nyingine, shoti hutokea papo hapo.

Joto la ndani linapokaribia nyuzi 130 za Selsiasi, utando huanza kuyeyuka. Seli hujichoma yenyewe, hupasha joto jirani zake na kutoa moshi wenye sumu.

Matukio ya karibuni

Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa uwanjani Gimhae, Korea Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo waliokolewa, na wachunguzi walieleza kuwa huenda moto ulianzia kwenye pawabanki. Mwezi Juni mwaka huohuo, kampuni ya Anker iliondoa sokoni nchini Marekani pawabanki zaidi ya milioni 1.1 kwa sababu ya hatari ya moto. Ikiwa bidhaa ya kampuni inayojulikana huweza kuwa na kasoro, iliyounganishwa bila saketi ya ulinzi inahitaji tahadhari kubwa zaidi.

Namna ya kuitambua

Mizani ya dukani ni msaada mkubwa. Seli bora ya 18650 haizidi takriban mAh 3,600, na uzito wake ni kati ya gramu 45 na 50. Kwa hiyo pawabanki ya mAh 20,000 inahitaji angalau seli sita, ambazo peke yake hukaribia gramu 300. Kwa zenye seli bapa, uzito haupishani sana. Iliyoandikwa mAh 50,000 na kuwa nyepesi kama simu haisemi kweli.

Mnunuzi pia achunguze kama jina la mtengenezaji na kiwango cha Wh vimeandikwa, kama ganda limefungwa vizuri, na kama kuna kitu kinachocheza ndani linapotikiswa. Adai risiti ya EFD, kwa kuwa ndiyo ushahidi wake wa kwanza endapo atalalamika.

Jukumu la kusimamia ubora wa bidhaa ni la Shirika la Viwango Tanzania (TBS), chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC). Mwananchi anayeitilia shaka bidhaa anaweza kutoa taarifa kwa taasisi hizo.

Matumizi salama

Pawabanki isichajiwe chini ya mto, juu ya godoro au karibu na chandarua, wala isiachwe juani. Iliyovimba, inayotoa harufu au inayopata joto kali iachwe kutumika mara moja. Seli zisizo na ganda zisiwekwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Chakavu zisichomwe moto wala kutupwa shimoni pamoja na takataka za nyumbani; zikabidhiwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki walioidhinishwa.

Kwa wasafiri wa anga, taratibu za kimataifa zinataka pawabanki ibebwe kwenye mzigo wa mkononi. Kikomo bila kibali cha shirika la ndege ni Wh 100, sawa na takriban mAh 27,000.

Moto ukitokea

Watu waondolewe kwanza, hasa watoto, na moshi usivutwe. Kama kifaa kimechomekwa ukutani, umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kumwaga maji. Baada ya hapo maji mengi yatumike ili kupoza seli; blanketi au mchanga huzuia miali lakini hauondoi joto. Betri iliyozimika huweza kuwaka tena baada ya saa kadhaa, hivyo ibaki nje, mbali na nyumba. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba ya dharura 114.