Buyenzi: watu na riziki ya mtaa wa Waswahili wa Bujumbura

Burundi ni nchi ya wakulima. Sensa ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba takriban Mrundi 1 tu kati ya 10 aliishi mjini, na wengine wote walitegemea jembe, ng'ombe na mvua. Ndani ya jiji la Bujumbura, hata hivyo, upo mtaa ambao tangu kuundwa kwake haujawahi kuishi kwa shamba. Riziki ya Buyenzi hutoka barabarani, ziwani na mipakani. Jambo hilo ndilo lililoujenga mtaa huo, na ndilo linaloutia mashakani kila barabara, bandari au mpaka unapofungwa.

Wasikilizaji wengi wa Kiswahili nchini Burundi wana jamaa, duka, fundi au msikiti wanaoufahamu Buyenzi. Makala haya yanaeleza wakazi wake ni akina nani, walitoka wapi, wanaishi kwa kazi gani, na ni mambo gani yanayoamua kama watoto wao watabaki hapo.

Mahali ulipo

Kwanza, jina. Buyenzi ya Bujumbura isichanganywe na Buyenzi ya kaskazini mwa nchi, eneo la milima ya Ngozi na Kayanza linalosifika kwa kahawa. Buyenzi ya mjini ni zoni ya tarafa ya Mukaza, pamoja na Rohero, Bwiza na Nyakabiga. Mpaka mwaka 2014 ilikuwa tarafa kamili, moja kati ya tarafa 13 za jiji, kabla ya tarafa hizo kuunganishwa na kubaki 3: Mukaza, Muha na Ntahangwa.

Upande wa kaskazini mtaa unapakana na mto Ntahangwa, na ng'ambo yake ni Ngagara. Upande mwingine ni Bwiza, na katikati ya jiji hufikiwa kwa miguu. Barabara zake zimenyooka kama mistari ya daftari, na badala ya majina zina nambari. Mkazi akiulizwa anakoishi hutaja avenyu ya ngapi, kisha nambari ya parseli, na mgeni hufika bila kupotea.

Asili ya wakazi

Waswahili wa Bujumbura hawakutoka katika kabila moja. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walijenga vituo vyao Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema, katika Kongo ya leo. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, mwishoni mwa karne hiyo, walifuatana na askari, wapagazi, makarani na wachuuzi waliokuwa wakizungumza Kiswahili. Wamanyema, Wabwari kutoka rasi ya Ubwari, watu wa Ujiji na wa pwani, Waarabu wa asili ya Oman, pamoja na Warundi walioingia katika Uislamu, wote walikutana kando ya kituo hicho. Kiswahili na dini ndivyo vilivyowafanya kuwa jamii moja.

Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916. Baina ya vita vikuu viwili vya dunia, utawala wao uliupanga mji upya kwa kuwatenga watu: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao, na Waafrika mahali pao. Waswahili waliondolewa karibu na katikati ya mji na kupelekwa Buyenzi. Mtaa jirani, uliojulikana kama Belge na leo unaitwa Bwiza, ulipewa Waafrika wengine waliokuja kutafuta kazi. Kwa hiyo Buyenzi ilianzishwa kama kijiji cha kuwazuia watu waliotazamwa kuwa wageni wasichanganyike na wengine. Yaliyotokea baadaye yalikuwa kinyume cha mpango huo.

Mtaa uliokataa kunyamaza

Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwatoza kodi maalumu wanawake wa mjini wasiokuwa na waume. Wajane na waliotalikiwa waliwekwa katika fungu moja na makahaba. Wanawake Waislamu wa Buyenzi waliiona kodi hiyo kuwa ni tusi kwa heshima yao, wakapinga waziwazi. Upinzani wao umeingia katika maandishi ya historia kama mojawapo ya harakati za mapema za wanawake wa mjini katika eneo lote lililokuwa chini ya Ubelgiji.

Wakati huohuo wafanyabiashara Waswahili walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo mjini kumuunga mkono Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Mwaka 1957 Rwagasore aliasisi ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, na baadaye akakiongoza chama cha UPRONA kupata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961. Aliuawa tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, na uhuru ukapatikana tarehe 1 Julai 1962 bila yeye.

Idadi, dini na lugha

Sensa ya mwaka 2008 iliihesabu Burundi kuwa na watu 8,053,574, na jiji la Bujumbura watu 497,166. Waislamu walikuwa asilimia 2.5 ya watu wote, na sehemu kubwa yao huishi mijini. Ndiyo maana msafiri aliyezoea makanisa ya milimani hushangaa kusikia adhana kutoka misikiti kadhaa kwa wakati mmoja afikapo Buyenzi. Nchini kote zaidi ya watu 4 kati ya 10 walikuwa chini ya umri wa miaka 15, na wingi huo wa watoto na vijana huonekana wazi katika avenyu za mtaa wakati shule zinapofungwa.

Wakazi wa Buyenzi si Waislamu peke yao. Wakristo wapo, Wakongo wapo, Warundi wa kila mkoa wapo. Parseli iliyopimwa zamani kwa ajili ya familia moja mara nyingi leo ina nyumba ya mbele ya mwenye kiwanja, vyumba vya nyuma vya wapangaji, na kibanda cha biashara kinachotazama barabara. Choo, bomba na ua hutumiwa kwa pamoja. Kodi ya vyumba hivyo ni pensheni ya wazee wengi ambao hawakuwahi kuajiriwa serikalini.

Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya sokoni, kikiwa kimechanganyika na maneno ya Kirundi na ya Kifaransa. Kwa miaka mingi neno "Mswahili" lilitumiwa na baadhi ya Warundi kwa maana ya mtu mjanja asiyeaminika, na mtoto wa Buyenzi alilisikia shuleni kabla hajajua maana yake. Hali ilianza kubadilika Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Kiswahili kiliingia katika shule za msingi, na lugha iliyokuwa alama ya ugeni ikawa nyenzo ya kutafutia kazi na soko. Hata hivyo, lugha rasmi za nchi kwa sheria ya mwaka 2014 ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza.

Swali la uraia

Katika mtaa wenye ndoa nyingi za kuvuka mipaka, karatasi ni jambo zito. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 humpa mtoto uraia wa Burundi hasa kupitia kwa baba. Mwanamke wa Buyenzi aliyezaa na mume Mkongo au Mtanzania hawezi kumrithisha mtoto uraia wake kwa urahisi kama awezavyo kaka yake, hata kama mtoto huyo hajawahi kulala nje ya Bujumbura. Bila kitambulisho, mtihani, ajira, akaunti ya benki na pasi ya kusafiria vyote huwa vigumu.

Kuna pia watu wa asili ya Oman, ambao wazee wao walifika kabla ya uhuru. Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, waliandikisha karibu watu 1,000 wa jamii hiyo nchini Burundi ambao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote.

Riziki: gereji, soko na safari

Mwenye gari bovu Bujumbura huambiwa aende Buyenzi. Mafundi makanika, mafundi umeme, wanyoosha bodi, wapaka rangi na wachomeleaji hufanya kazi pembezoni mwa barabara, na maduka ya vipuri yamepangana karibu nao. Magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa Toyota za aina ya Probox zinazotumika kama teksi, ndiyo mkate wao. Kijana hujifunza kazi kwa kukaa na fundi miaka kadhaa: huanza kwa kuosha vyuma na kushika taa, kisha hufungua injini. Cheti chake ni jina lake kwa wateja.

Nguzo ya pili ni soko la Ruvumera, lenye vitenge, mitumba, viatu na vyombo vya nyumbani. Umuhimu wake uliongezeka baada ya moto wa tarehe 27 Januari 2013 kuteketeza soko kuu la Bujumbura. Wafanyabiashara waliopoteza mali na mikopo yao walitawanyika katika masoko ya mitaani, na Ruvumera likawa mojawapo ya yale yaliyowapokea.

Nguzo ya tatu ni safari. Sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi hupitia bandari ya Dar es Salaam, kisha hufika kwa malori au kwa meli kutoka Kigoma. Uvira, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ipo umbali mfupi tu kupitia Gatumba. Mfanyabiashara wa Buyenzi huwa na ndugu katika miji hiyo yote, na undugu huo hufanya kazi ya benki: mzigo hutolewa kwa ahadi, na deni hulipwa mzigo ukiuzwa.

Wanawake huishika nguzo ya nne, isiyoonekana katika hesabu za serikali. Kabla ya alfajiri huwa wamekwisha kukaanga mandazi na kupika chapati na chai. Jioni huuza samaki, mishikaki na maharage. Fedha hizo ndizo hulipa ada, dawa na mchango wa zamu katika upatu.

Mlango ukifungwa

Uchumi wa namna hii hauna ghala. Tarehe 21 Machi 2022 serikali ilizuia pikipiki, bajaji na baiskeli za kubeba abiria kuingia katikati ya Bujumbura, ikitaja usalama barabarani. Vijana wengi walipoteza njia zao zenye faida, na mafundi waliokuwa wakizitengeneza wakapungukiwa wateja.

Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa takriban asilimia 38. Upungufu wa fedha za kigeni ulikuwa umekwisha kuwabana waagizaji, na bei za vipuri na vitenge zilipanda. Uhaba wa mafuta ukafuata kwa ukali zaidi: magari yalipanga foleni kwa siku nyingi, na baadhi ya watu walivuka kwenda Uvira kununua petroli kwa madumu. Gari lisilotembea haliharibiki, na lisipoharibika fundi wa Buyenzi hana kazi. Tangu Januari 2024 mpaka wa nchi kavu na Rwanda nao umefungwa na Burundi.

Upande wa kaskazini kuna tishio lisilotokana na siasa. Mto Ntahangwa hushuka kwa nguvu kutoka milimani wakati wa masika, na kingo zake zimekuwa zikimeguka mwaka baada ya mwaka. Nyumba zilizokuwa mbali na korongo sasa zipo ukingoni, na nyingine zimekwisha kuanguka. Kuta za mawe zimejengwa sehemu fulani. Mwenye parseli iliyoliwa na mto hupoteza makazi, kodi ya wapangaji na urithi kwa mpigo mmoja.

Ujirani kama mtaji

Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliigawa Bujumbura kwa kabila. Mtaa baada ya mtaa ulibaki na watu wa upande mmoja. Buyenzi na Bwiza ziliendelea kuwa na mchanganyiko. Mwezi Machi 1995 mashambulizi yaliifikia mitaa hiyo pia: watu waliuawa, na maelfu walikimbia, wengi wao kuelekea Uvira. Hata hivyo, Waislamu wa Buyenzi walijulikana kwa kuwaficha majirani waliowindwa, Wahutu kwa Watutsi, na mtaa haukugeuka kuwa wa kabila moja.

Sifa hiyo ina thamani ya kiuchumi pia. Mteja kutoka mtaa wowote aliweza kurudi kutengeneza gari au kununua kitenge bila kuuliza kwanza nani anaishi hapo. Mji mkuu wa kisiasa ulipohamishiwa Gitega mwaka 2019, Bujumbura ilibaki kuwa kitovu cha biashara, na Buyenzi ikabaki karakana yake.

Mtaa uliopimwa na wakoloni ili kuwatenga Waswahili umekuwa mahali ambapo Warundi wa kila aina hukutana kwa kazi. Umedumu kwa sababu ya stadi za mikono, lugha inayovuka mipaka na majirani wanaoaminiana. Mambo ambayo wakazi hawawezi kuyapata peke yao ni machache na yanajulikana: mafuta katika vituo, mipaka iliyo wazi, kingo imara za Ntahangwa, na kitambulisho kwa kila mtoto aliyezaliwa katika avenyu zake.