Riwaki za Al-Azhar
Msikiti wa Al-Azhar ulijengwa Kairo na Wafatimi kati ya mwaka 970 na 972. Kwa karne nyingi wanafunzi wageni waliishi katika riwaki zake, mabweni yaliyogawanywa kwa asili: Wamaghribi, Washami, Waturuki, Wajabarti wa Pembe ya Afrika. Kila riwaki ilikuwa na shehe wake, na mapato ya wakfu yaliwapatia wakazi mkate. Hapo ndipo ubora wa mpango huo ulipoonekana, kwani hata mtoto wa maskini aliweza kusoma. Darasani migawanyiko ililegea: waliketi duara moja kando ya nguzo, mbele ya mwalimu mmoja, wakisoma kwa Kiarabu. Mwanahistoria Abd al-Rahman al-Jabarti, aliyezaliwa 1753, alitoka katika ukoo ulioiongoza riwaki ya Wajabarti.