Sungusungu: Sheria Iliyotoka Kijijini

Kwa kawaida sheria hutungwa Bungeni, kisha hushuka hadi kijijini. Usukumani jambo hilo limewahi kwenda kinyume.

Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963. Baada ya Vita vya Kagera (1978–79) silaha zilizagaa, na wizi wa ng'ombe ukazidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa Kahama na jirani zake walianzisha ulinzi wa sungusungu, ambao upesi ulienea mkoani Mwanza hadi kando ya ziwa. Walinzi walibeba pinde na mishale, nao walikuwa na mtemi wao. Mkosaji alitozwa faini au alitengwa: jirani asimpe moto wala maji.

Mahakimu na polisi waliona hapo uvunjaji wa sheria. Viongozi wa siasa waliona wananchi wakijilinda. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, likawapa sungusungu uwezo wa kukamata. Hivyo sheria ya nchi iliifuata desturi.

Walakini, mikono iliyomkamata mwizi iliwashika pia wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Ng'ombe aliyeibwa huacha nyayo. Uchawi hauna ushahidi ila mnong'ono, na kijiji kizima kikikubaliana, mshukiwa atetewe na nani?

Kanisa nalo hutenga. Basi tulikumbuke swali la Nikodemo (Yn. 7:51): je, mtu ahukumiwe kabla hajasikilizwa?