Video za hadithi za michezo ya Windows kwenye Linux

Video za hadithi ni vipande vifupi vya filamu vinavyoonyeshwa kati ya hatua moja ya mchezo wa kompyuta na nyingine ili kusimulia kisa chake. Mchezo wa Windows ukichezwa kwenye Linux, mara nyingi vipande hivyo ndivyo vinavyogoma. Skrini huwa nyeusi huku sauti ikisikika, hutokea mistari ya rangi kama ya televisheni kabla ya matangazo kuanza, au mchezo hukwama kabisa. Mchezaji anaweza kushinda mapambano yote asijue alikuwa akipigania nini.

Wengi hulaumu kadi ya picha, lakini kwa kawaida kosa haliko huko. Michezo hiyo huendeshwa kwa Wine, programu huria iliyoanzishwa mwaka 1993, au kwa Proton, ambayo kampuni ya Marekani ya Valve iliitoa mwaka 2018 juu ya msingi wa Wine. Wine huiga sehemu za Windows zinazocheza video, yaani DirectShow na Media Foundation, lakini kazi ya kufumbua video yenyewe imezoea kuiachia GStreamer. Miundo kama H.264 imefungwa na hataza, hivyo baadhi ya matoleo ya Linux, kama Fedora, huacha vifumbuzi vyake nje. Kwa hiyo kikwazo ni cha kisheria zaidi kuliko cha kiufundi. Michezo inayotumia muundo wa Bink haisumbui sana, kwa kuwa hubeba kifumbuzi chake yenyewe.

Valve hubadilisha video za michezo mingi kuwa miundo huru, kisha Steam huzipakua pamoja na data ya michoro iliyotayarishwa mapema. Mistari ya rangi huashiria kwamba video iliyobadilishwa haijapatikana. Anayezima upakuaji huo ili kuokoa bando huzima na video.

Anayetumia Wine kwenye Debian au Ubuntu husakinisha kifurushi cha gstreamer1.0-libav. Mchezo wa biti 32 mara nyingi huhitaji pia kifurushi cha biti 32, na hapa ndipo wengi hukosea. Wengine hutumia Proton GE, toleo la kujitolea lenye vifumbuzi zaidi. Ikiwa ni video ya utangulizi tu inayokwamisha mchezo, kubadilisha jina la faili lake huufanya mchezo mwingine uiruke na kuendelea.