Nota za rangi: tiba au somo?

Wiki hii kwenye somo la elimu maalum tulibishana kweli kweli. Mtoto mwenye usonji, au anayechelewa kujifunza, afundishwe kupiga kinanda kama wenzake, au muziki kwake uwe wa kumtuliza tu? Nimechimba historia kidogo, nikaona niwamegee.

Mwaka 1959 huko Uingereza, mtunzi Mmarekani Paul Nordoff na mwalimu wa elimu maalum Clive Robbins walianza kufanya kazi pamoja kwenye kituo cha watoto cha Sunfield, Worcestershire. Mtoto akilia au akigonga ngoma, Nordoff anamjibu kwa piano hapo hapo. Ndiyo asili ya tiba ya muziki ya Nordoff-Robbins, ipo mpaka leo. Kazi kubwa, sibishi. Ila tiba ni tiba jamani. Lengo lake ni kumfungua mtoto, si kumfundisha kusoma nota.

Jibu la upande wa somo lilitoka Finland mwaka 1996. Kaarlo Uusitalo alibuni nota zinazoitwa Figurenotes, na Markku Kaikkonen akaziendeleza kwenye ufundishaji pale Resonaari, kituo cha muziki cha Helsinki. Kila sauti ina rangi yake: do nyekundu, re kahawia, mi kijivu, fa bluu, sol nyeusi, la njano, si kijani. Umbo, kama mraba, duara au pembetatu, linaonyesha kama sauti ni ya chini au ya juu. Alama hizo hizo zinabandikwa kwenye vitufe vya kinanda. Mwanafunzi anaona duara jekundu kwenye karatasi, analitafuta kwenye kinanda, anabonyeza. Basi!

Linganisha na mistari mitano. Pale uhesabu mstari, ukumbuke jina la nota, halafu utafute kitufe, na wimbo haukusubiri. Wengi wanakwama hapo hata kabla hawajasikia wimbo wenyewe.

Kuna jamaa darasani akasema, "Hizo ni nota za chekechea." Aha! Karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alichoka kuona waimbaji wanatumia miaka mingi kukariri nyimbo za kanisa. Akapanga nota kwenye mistari, na mmoja akautia rangi nyekundu, mwingine njano, ili wajue fa iko wapi na do iko wapi. Yaani rangi zilikuwepo tangu mwanzo wa hiyo mistari tunayoiheshimu! Halafu Uingereza, miaka ya 1840, mchungaji John Curwen alichukua mbinu ya mwalimu Sarah Glover akaeneza tonic sol-fa, ili watu wa kawaida waimbe kwa herufi tu. Wamisionari wakaileta Afrika, na kwaya zetu ngapi zimejifunza nyimbo kwa d, r, m? Mbona hatujawahi kusema kwaya zetu ni za chekechea?

Kila zama walimu wamebadilisha maandishi ili mwanafunzi afike. Kwa hiyo tukienda field, mtoto akishindwa kusoma nota, tusikimbilie kumwondoa kwenye kinanda. Tubadilishe karatasi kwanza, halafu tumdai wimbo kama tunavyowadai wengine.

Nawasilisha.