Ufumaji wa Pamba na Hariri katika Pwani Yetu

Vazi ni sehemu ya utamaduni wa taifa sawa na lugha na ngoma. Hata hivyo, kwa muda mrefu tumezoea kufundishwa kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wanunuzi tu wa nguo: jahazi huja kutoka Bara Hindi limejaa vitambaa, nalo hurudi limejaa pembe za ndovu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba pwani hii ilikuwa na wafumaji wake, na kazi ya mikono yao ilisifiwa na wageni.

Ushahidi wa kwanza umo ardhini. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960 walipata vigurudumu vya udongo vyenye tundu katikati. Vingi vilichongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Kigurudumu huvishwa kwenye kijiti. Kijiti kikizungushwa, uzito huo hukifanya kiendelee kuzunguka, na pamba husokoteka ikawa uzi. Nao Wareno walioiteka Kilwa mwaka 1505 waliandika kwamba pamba nzuri ilistawi kisiwani humo. Kabla yao, Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaeleza kwamba nguo za mji huo zilipelekwa hadi Misri.

Kufuma ni kukutanisha nyuzi za namna mbili: mtande, ambao hutandwa kwa urefu, na mshindio, ambao hupitishwa katikati yake kwa upana. Katika kukutanisha huko ndimo tunamoona werevu wa wazee wetu. Mwanzoni mwa karne ya 16, Mreno Duarte Barbosa alieleza habari za Waislamu wa Sofala, bandari ya kusini. Walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini hawakuwa na rangi za kuzitia. Basi walinunua nguo za buluu kutoka Cambay, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Nguo iliyopatikana haikuwa ya Cambay tena.

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, ufundi ulifikia daraja ya juu zaidi. Huko walifuma hariri. Hariri yenyewe ilitoka Asia kwa njia ya bahari, lakini ufumaji ulikuwa wa Wapate. Padri Monclaro, aliyesafiri na msafara wa Francisco Barreto ulioondoka Lisbon mwaka 1569, aliisifu hariri hiyo. Wareno waliitafuta ili wakaiuze katika miji mingine ya pwani.

Ufundi huu ulipoteaje? Katika karne ya 19 iliingia nguo ya merikani, iliyofumwa kwa mashine katika viwanda vya Massachusetts. Ilikuwa imara na bei yake nafuu. Mfumaji wa mkono, aliyetumia siku nyingi kwa nguo moja, hakuweza kushindana nayo. Kisha ukaja ukoloni. Wajerumani waliwalazimisha watu kulima pamba, si ili waivae, bali ipelekwe viwandani Ulaya. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waliing'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Mmea uliowavika wazee wa Kilwa ulikuwa umegeuzwa kuwa pingu.

Baada ya uhuru, taifa lilijenga viwanda vya nguo. Kile cha Urafiki, Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China. Tukiitazama historia yote hii, tunaona kwamba kufuma hakukuwa jambo geni kwetu.

Yafaa walimu na wanafunzi waizingatie kazi ya mafundi wa Sofala. Kupokea kitu kutoka ng'ambo si aibu. Wazee wetu walipokea. Lakini hawakukivaa kama kilivyokuja. Walikifumua, wakachagua nyuzi zilizowafaa, wakazichanganya na zao, wakapata vazi lao. Taifa linalopokea bila kufumua huvaa nguo ya wengine. Na linalojua kufumua na kufuma, hata uzi wa mbali huwa wake.